Daftari la Zamu ya Usiku

Barua ya ajira ilisema: Ofisa Taarifa.
Hapa kiwandani Masasi naitwa mama makaratasi.

Leo korosho zinavunjika.
Kumi zikienda kubanguliwa, nzima zinarudi nne,
na meneja anahesabu hasara kwa sauti.

Fundi Nangomwa kaja mbio,
mafuta ya maganda viganjani,
yale yanayobabua hata alama za vidole.
"Somoe, hizi za Newala,
mvuke dakika ngapi?"

Kitabu cha mashine ni cha Kiitaliano.
Makao makuu simu inaita, inaita.
Mtandao unazunguka kama kuku asiyejua pa kutagia.

Nikavuta daftari la kaunta, limeliwa na mende pembeni,
la Likwata, mwasha boila wa zamu ya usiku,
aliyekatwa mshahara kwa kuandika saa za kazi.
Kaandika joto, unyevu, kijiji, tarehe,
miaka kumi na moja, mwandiko umelala kama nyasi:
*Msimu wa mvua ndefu, ongeza dakika tatu.
Zilale hadi kesho. Usizipeleke kwenye kisu zina moto.*

Tukajaribu gunia moja.
Tukangoja. Kungoja nako ni kazi, ila haina posho.

Asubuhi kumi zikaingia, nzima zikatoka nane.

Meneja akauliza mtaalamu huyu katoka wapi,
alipwe kiasi gani.

Nikamfungulia ukurasa.
Juu, kwa wino mwekundu, saini yake mwenyewe:
*Upuuzi. Akatwe siku mbili.*

Nimeupa namba ya rejea.
Saini sikuifuta.