Tupa Hairudishi

Gobore lako halijarogwa, Mhembano.
Umelifikisha kwangu, hapa Chipogolo, jua halijapanda,
limefungwa kanga kama mtoto mwenye surua,
kibali kimekunjwa ndani ya kofia,
ukasema linakwenda kushoto. Kila mara kushoto.
Ukamtaja jirani. Ukautaja mpaka wa shamba la karanga.
Mimi nikatazama kilenga cha mbele
nikaona mchubuko wa kamba.
Unatundikia nini hapa?
Ukaangalia vidole vya miguu.
Dumu la maji, ukasema. Kisima kiko mbali.

Lita kumi, juu ya kichuma kisichofika punje ya mtama!
Kimelalia kulia, ndiyo maana risasi inakimbilia kushoto.
Shika hili, ukilisahau usije kunilaumu:
pengo la nyuma husogezwa unakotaka risasi iende,
cha mbele husogezwa kule kule inakokosea.
Marehemu baba alilichanganya mpaka kaburini,
na nguruwe wa bondeni walinenepa enzi zake zote.

Nikapanga vilenga vitatu juu ya fuawe.
Cha chuma, cheusi.
Cha mfupa wa paja la ng'ombe.
Cha shaba, nilichokikata kwenye kufuli bovu,
na mkono wako ukaenda kwenye shaba moja kwa moja
kama wa bwana harusi.
Subiri. Jua la saa nane la huku kwetu
litaiwasha shaba upande mmoja tu,
na jicho, jinga lile, hufuata panapowaka.
Nguruwe wako wanakuja saa ngapi?
Magharibi, ukasema, kuku wakishalala.
Basi ni mfupa. Mfupa hushika mwanga wa mwisho
mtutu wote ukiwa umeshazama.

Tukashuka korongoni. Mfuniko wa debe,
duara la mkaa, hatua hamsini.
Baruti kipimo kile kile, kitambaa kile kile,
mafuta ya kondoo, mdeki mpaka ugonge chini.
Risasi ya kwanza ikala mchanga,
shubiri nzima chini ya debe.
Ukasonya.
Mimi nikafurahi. Nilikiacha kirefu kwa makusudi.
Kirefu kinapunguzika. Kifupi unakifanyaje?
Nikapiga tupa mara tatu, nikapuliza unga wa mfupa.
Tukapiga tena. Mara mbili. Tena.
Ukasema nipe tupa nimalizie mwenyewe,
nikaificha nyuma ya gauni.
Nyundo huomba radhi, moto hupoa,
tupa hairudishi.

Saa tano risasi yangu ikaingia katikati ya mkaa.
Yako ikaenda kulia, vidole vinne.
Ukanitazama kama mwizi.
Gobore moja, Mhembano, lakini macho si mamoja.
Lako la kulia lina ukungu,
nimeliona unavyotafuta pengo, unalipapasa
kama anayetafuta shilingi kwenye mchanga.
Nikalipanua lile pengo, nikaligonga kidogo kushoto
kwa kipande cha shaba, ndiyo, ile ile ya kufuli,
chuma kisiumie.
Wewe uling'olewa meno mawili ya chini utotoni,
na mate unayapitisha pale pengoni,
hayajawahi kumkosa sisimizi.
Hesabu ni hiyo hiyo: mwanga sawa kulia,
mwanga sawa kushoto, katikati kitu kimoja.

Ukatema, ili kuhakikisha. Ukapiga.
Debe likalia.

Umeondoka na gobore begani, dumu mkononi.
Malipo ni karanga, zikivunwa, zikibakizwa.
Sasa ni magharibi, nimekaa na mlenda unapoa,
na kutoka upande wa kwako nimesikia mlio mmoja.
Nimesubiri wa pili.
Kimya.
Ama umempata,
ama bado unashindilia.