Herufi Pacha

Jumatano usiku, barabara ya Cleveland, mjini Columbus,
nafungua matumbo ya mashine za kufulia.
Sarafu zinamwagika ndooni zikiwa bado na joto,
zanuka sabuni na mifuko ya watu.

Ndipo huja mzee Wendell Krauss na ovaroli zake mbili
na lenzi aliyoifunga kwa kamba ya kiatu.
Miaka thelathini alichonga vyuma vya kukatia vyuma.
Haulizi sarafu ina thamani gani.
Huuliza: nani alikosea, na saa ngapi?

"Tarehe hii ina kivuli. Lakini kivuli bapa,
kama ngazi iliyokanyagwa,
na herufi imekonda ili kukipa nafasi.
Muhuri ulilegea, ukateleza ulipoinuka.
Kosa la pigo hilo. Kanunulie chai."

Akachukua nyingine.
"Hii herufi zimetutumka,
kama midomo ya mtu aliyeamshwa.
Muhuri ulichoka. Umepiga malaki.
Uzee si kosa," akasema, akajikuna goti.

Ya tatu ukingo wake umejikunja, mnene kama pete.
Nikadhani nimepata mali.
Akacheka hadi lenzi ikagonga meno:
"Hii ilitoka huko salama. Ilinasa humu humu,
ndani ya kikaushio chako namba tisa,
ikazunguka na mashuka ya watu miaka miwili."

Na ile unayoitafuta wewe?

Akaivuta ndoo karibu.
"Muhuri nao huchapwa, mama.
Kuna siku huchapwa mara mbili,
na mara ya pili ukakaa upande, kwa unywele tu.
Hapo herufi ni mbili kamili, zote nene,
ncha zimepasuka kama ulimi wa kenge.
Na kila sarafu itokayo humo inalo kosa hilo,
ya kwanza na ya elfu hamsini.
Zenyewe hazijui."

Nikatoa kitambulisho.
MWANASHA MWANASHA.
Dirishani, siku ile, nilitaja jina moja.
La baba lilikuwa kwenye karatasi iliyolowa,
fomu haikukubali pengo,
karani akapiga lilelile tena.
Toka hapo benki, kliniki, leseni, bili ya umeme,
hata cheti cha mwanangu, mstari wa mama.

Krauss akaweka lenzi juu ya jina,
akaisogeza polepole kama afanyavyo kwenye tarehe.
"Unene sawasawa," akasema. "Hakuna kivuli hapa."

Nani alikosea, basi? Na saa ngapi?

Alifungua mdomo.
Kikaushio namba tisa kikagonga kitu ndani,
ting, kikanyamaza, ting,
tukaenda wote wawili kukitegea sikio.