Swali la Nyongeza

Redio ya nesi Aikande ina spika iliyopasuka,
kwa hiyo Spika wa Bunge anatufikia akikoroma.

Kisha sauti ya mbunge wetu:
zahanati ya Kirimeni, kule Uru, imeishia kwenye lenta.
Wananchi walichanga tofali, Serikali ikaahidi mabati.
Yako wapi?

Tukanyamaza. Hata mtoto aliyetoka kuchomwa sindano.
Hatujawahi kutajwa Dodoma
bila kutajwa kahawa.

Naibu Waziri akasimama.
Mabati yamo kwenye mpango,
mpango umo kwenye bajeti,
bajeti imo kwenye mchakato.
Na wazee wote, akaongeza, wanatibiwa bure.
Meza zikapigwa.

Dirishani, boma lenyewe.
Ndani ya wodi ya wazazi Ndekirwa kapanda migomba,
mwaka huu amekata mkungu wa tatu.
"Ardhi haijui mchakato," anasema,
na jirani wanaojifungua anawapelekea mtori.

Bibi Anasia yuko kwenye benchi tangu saa moja,
kitambulisho cha mzee kimefungwa ncha ya khanga.
Dawa ya presha iliisha kabla ya Kwaresma.
Aikande anamwandikia jina lake kwenye kipande cha boksi:
akanunue Moshi mjini.

Bibi hakipokei. Anainuka, anaisogelea redio,
anapiga goti kidogo, kama mbele ya paroko.

"Mheshimiwa, naomba swali la nyongeza.
Hiyo bure yenu,
nimeze kutwa mara ngapi?"

Redio ilikwishahamia barabara.