Nyuzi Nne

Naendesha gari la kusukuma theluji. Zamu ya usiku.
Tampere, kutoka Kaleva hadi kule ziwani kulikoganda,
nenda rudi, taa ya njano ikizunguka juu ya kichwa changu
kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta.
Misimu miwili ya baridi, saa zangu za ziada
sikuzihesabu kwa yuro. Nilizihesabu kwa nyuzi.
Uzi mnene: Desemba nzima, na Krismasi yenyewe.
Wa pili: wiki tatu Seppo alipoteguka mguu, nikabeba zamu zake.
Wa tatu: dhoruba ya Februari.
Wa nne, ule mwembamba, nakiri,
ni mkoba wa ngozi alionipa dada yangu Marketta.
Niliuuza. Asiambiwe.

Dukani walishaujua uso wangu.
Mara saba niliingia "kutazama tu",
mara saba nikalishika, nikalirudisha ukutani
kwa adabu ya mgeni anayesema ameshiba
huku tumbo likimuumbua.
Mara ya nane nilitoa pesa.
Oskari wa kaunta, kidevu bado hakijaota sawasawa,
akauliza: Gitaa la besi! La mwanao?
La, nikamjibu. La mama yake.

Kwenye tramu nililiketisha kitini, mimi nikasimama.
Mzee mmoja mwenye fimbo za kuteleza akalitazama,
akanitazama,
akashika bomba.
Tukasimama hivyo vituo sita, watu wazima wawili,
kimya, mbele ya gitaa lililokaa.

Kijani cha chupa. Shingo nyeupe, ndefu, haina haya.
Lina harufu ya vanishi, ya boksi,
ya kitu ambacho hakijawahi kukosewa.

Wanaosema debe tupu haliachi kuvuma
hawajaugusa uzi huu mnene.
Hauji sikioni kwanza. Unaanza pajani,
unashuka mguu wa kiti, unapita sakafuni,
unapanda bomba la maji ya moto,
na jikoni, mbali kule, kijiko ndani ya kikombe
kinaitika: labeka.

Najua tango moja. Nusu yake.
Kidole changu cha pete kiliumwa na baridi mwaka ule wa mnyororo kukatika,
kinafika kwenye noti kikiwa kimechelewa,
kama karani wa manispaa.
Haidhuru. Nacheza ile nusu, nairudia,
nayo haichoki kuwa nusu.
Mchana, nilipopaswa kulala, niliamka mara mbili
kuhakikisha lipo.
Lilikuwepo.

Siku ya nne, zipu ya koti langu.
Mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele, ubavuni.
Nilikaa chini. Nikatoa maneno
ambayo huwa nayaweka kwa ajili ya madereva wa Tesla.
Nikalamba kidole, nikasugua. Ulikuwa ule ule.
Kisha nikafanya jambo nililolihifadhi wiki nzima
kama mtoto anavyohifadhi kipande cha nyama cha mwisho:
ile ngozi ya plastiki juu ya kibao chake cheusi,
niliikamata pembeni kwa ukucha,
nikaivuta polepole,
polepole,
ikalia.

Usiku ule nikarudi kazini, ncha za vidole zikiwaka
ndani ya glavu. Taa nyekundu, Sammonkatu, saa tisa,
hakuna mtu, theluji inashuka bila haraka.
Gari limesimama, injini inanguruma.
Nikaisikiliza. Nikaisikiliza tena.
Iko juu kidogo ya uzi mnene ulio wazi,
haijafika noti inayofuata.
Miaka kumi na tisa, dada yangu mweee,
ilikuwa ikiniimbia
na haijawahi kukazwa.
Taa ikawa kijani. Sikuondoka.