Makonyo

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya mizani,
kituo cha karafuu, Wete,
na pua yangu haidanganyiki kirahisi.
Iliyokauka juani, ukiivunja hujisema yenyewe: ta!
Iliyonyunyizwa maji usiku ipate uzito
hukunjika kimya, kama mtu mwenye siri.
Lakini iliyochanganywa makonyo,
ehe, hiyo ndiyo kazi,
maana konyo nalo ni mtoto wa mkarafuu,
harufu ni ileile, tawi ni lilelile.
Uongo mtupu haupiti kituoni.
Unaopita ni ule uliolala kitanda kimoja na kweli.

Nilipitwaje basi na Nabii Eliudi?

Alishukia Mkoani na spika mbili na jenereta,
akakodi ukumbi nyuma ya ghala,
na sisi Wakristo wa Wete, wa mabenchi sita,
tukawa mabenchi kumi na moja.
Akiomba, analia. Maandiko anayo kichwani.
Akamshika paji Benadeta wangu,
miaka saba, mifupa inamuuma tangu ajue kutambaa,
kisha akaziba maiki kwa kiganja, akaninong'oneza:
"Mama, kidole chako. Nimeonyeshwa kidole chako."

Jamani.
Mwaka aliokufa babake Benadeta
nilikilaza kidole gumba upande wa mawe:
kilo mbili za Mzee Faki,
kilo moja na nusu za mjane wa Kiuyu.
Sikuonwa na mtu.

"Hilo ndilo linalomla mtoto," akasema.
"Laki nne, na chupa tatu za maji haya."

Nilizifunga fedha kwenye pindo la kanga.
Jirani yangu Bi Mize, aliyekuwa akichambua mchele,
aliposikia alicheka mpaka ungo ukamponyoka:
"Kidole cha mpima karafuu!
Hilo nalo lataka nabii? Pemba nzima twalijua!"

Usiku ule nilikitoa Kitabu cha bibi,
kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa.
Nikasoma kwa tochi, mdomo ukitembea.
Roho nazo hupimwa: imo.
Kipofu yule wa kuzaliwa, hakukosa yeye
wala waliomzaa: imo.
Fedha mkononi mwa anayetaka kununua kipawa, na aibu yake: imo.
Bibi alinifundisha: tia karafuu kwenye glasi ya maji.
Yenye mafuta yake husimama wima.
Iliyokwisha kukamuliwa hulala chali, inaelea.
Nikamtia nabii majini.
Akalala chali.

Asubuhi nilimjibu, mabenchi yote yakisikia:

Nimekosa, sikatai, kidole kililalia,
Na deni halinidai, Mwokozi kanilipia,
Neema haitadai shilingi wala rupia,
Chupa yako siitaki, bure nimeshajinywia.

Sauti ilitetemeka. Wengine walinizomea,
na mabenchi manne yakamfuata mpaka Konde.

Mimi nilikwenda kwa Mzee Faki na fedha za kilo mbili.
Alizihesabu mara mbili, akasema:
"Nilijua. Nilikuwa nakungoja."
Mjane wa Kiuyu nilimkuta kaburini,
hana mtoto, hana wa kupokea.
Nilisimama pale na fedha mkononi, jua likiniwakia,
na hapo ndipo nilipolielewa lile neno, neema,
nililolitamka tangu kipaimara:
ni deni usiloweza kulipa hata ukitaka.

Benadeta anakunywa vidonge vya hospitali.
Wiki hii amelala vizuri. Wiki jana alilia siku tatu,
nami nililia naye, nikaomba, sikujibiwa nilivyotaka.

Jana aliniletea chai kituoni,
akajitia kwenye sinia la mizani, miguu inaning'inia.
"Nipime, mama."
Nikapanga mawe, moja moja, hadi sinia zikalingana:
kilo kumi na sita na robo.
Mikono yangu niliiweka nyuma.