Daftari la Mafuta

Huku chumvi hailiwi, yenyewe ndiyo hula.
Miezi mitano Thunder Bay wanaimwaga barabarani
iyeyushe barafu, nayo ikishamaliza barafu
hupanda kwenye chuma, polepole, bila kelele.
Bandu bandu: ukingo wa mlango, sakafu, chesi.
Nilipogonga nyundo ndogo chini ya kiti cha dereva
nyundo ikapita. Nikaona saruji ya karakana
na ncha ya kiatu changu mwenyewe.
Bi Lempi Koskela alikuwa amesimama na kikombe chake.
"Reino angeona haya," akasema, akaenda zake.

Pikapu ya themanini na nne, rangi ya chai ya maziwa,
miaka kumi na moja chini ya turubai
upande wa pili wa uzio wetu.
Niliinunua kwa dola mia nne na sahani ya sambusa.
Shabani alicheka mpaka akakaa chini.
"Kipya kinyemi ingawa kidonda," alisema,
"wewe umeleta kidonda peke yake."

Natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi,
viganja vinanuka sabuni ya wodini,
navaa ovaroli, nawasha hita, nalala chali
kama mtu anayehesabu nyota za kutu.
Nati za gurudumu la nyuma zilikataa.
Nikazipaka mafuta, nikazingoja siku mbili,
nikazibembeleza kwa bomba refu lililovikwa spana,
nikazitukana kwa Kidigo,
lugha ambayo mtaa huu hauna wa kuikasirikia.
Ya nne ikalia kama paka. Ikaja.

Tunu hunishikia taa. Ana miaka kumi na mitatu
na mkono unaochoka upesi: mwanga huhama
kutoka kwenye bolti kwenda kwenye simu.
"Hapa, Tunu. Hapa!"
Sauti ile si yangu. Ni ya baba,
karakana ya reli, Tanga,
na taa inayohama imo mkononi mwangu.

Tumekata sakafu, tumechomelea bati jipya.
Breki za mbele sasa ni za sahani.
Kabureta iliyokohoa kila Januari tumeing'oa,
mahali pake nozeli, na kompyuta ndogo kama mche wa sabuni
inayoijua baridi kuliko mimi.
Mikanda ya bega, mitatu,
maana kiti ni kimoja na sisi ni watatu.
Rangi sikuigusa.

Ndani ya kidroo cha dashibodi, daftari,
penseli imefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki.
Tarehe, lita, kilomita, baridi.
Miaka ishirini na sita, hata tangi moja halikurukwa.
Na hapa na pale, pembeni, herufi L ndani ya duara,
na siku hizo mafuta yameliwa kweli kweli.
Nilidhani ni mzigo. Kuni, labda.
Bi Lempi alilisogeza daftari karibu na pua.
"Siku nilizoendesha mimi," akasema.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili injini ikawaka,
si mara ya kwanza, mara ya saba,
moshi wa buluu, Shabani ametoka na ndala kwenye theluji.
Nikaipeleka hadi mlangoni kwa Bi Lempi,
nikazima, nikamfungulia upande wa abiria.
Akazunguka. Akasimama upande wangu
na kiganja wazi.

Ana miaka themanini na moja na leseni halali, nimeikagua.
Kona ya kituo cha mafuta tuliikata kwa kasi
ambayo sitaiandika. Gia ya pili ikasaga.
Nikajikunja: miezi saba ya kazi, na bado inasaga.
"Iache," akasema. "Ndiyo sauti yake."

Lita thelathini na nane. Nyuzi nne.
Nikailowesha penseli ulimini, nikachora duara.