Kabureta ya Mbele

Murhula ana gari jekundu la Kijapani, Datsun ya sabini na mbili,
boneti ndefu kama ahadi za mposaji,
na chini ya boneti kabureta mbili zilipaswa kukaa bega kwa bega.
Anayo moja.
Pacha wake aliuzwa kwa kilo, enzi za vita,
pamoja na masufuria yaliyotoboka.

"Nitafutie ya asili," kaniambia. "Bandia sitaki."

Bandia nazijua mimi.
Zinatoka boksini zinang'aa, jina limeandikwa vizuri kupita kiasi,
na baada ya mvua tatu zinavuja petroli kama pua ya mtoto.
Ya asili ina uzito wake. Herufi zimefifia,
lakini pale chini pana kovu dogo la kalibu
ambalo kidole gumba hulitambua gizani.

Nimetafuta Birere, kwenye vibanda
ambapo taa iliyoibwa Jumatatu
Jumanne inauzwa kwa mwenyewe.
Nimevuka hadi Gisenyi kwa kibali cha siku moja.
Mtu wa Bujumbura akaapa anayo, akanitumia picha
ya kabureta ya pikipiki.
Mtaka cha mvunguni huinama, wanasema.
Niliinama hadi mgongo ukasahau kusimama.

Ni Paluku, msukuma chukudu, aliyeniuliza kwa nini nimekonda.
Nikamwambia. Akatema mate, akasema:
"Kuna mjane kule Majengo. Ana kitu cha gari
anakificha kama dhahabu."

Mama Kahindo hakunipa kiti.
Alishusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati,
ndani ya kopo kitenge,
ndani ya kitenge soksi ya mwanamume,
ndani ya soksi
yenyewe.

"Alhamisi ile alikuwa ameifungua kuisafisha. Ya mbele tu.
Ya nyuma alisema ataifungua kesho."

Kabla ya kesho, Nyiragongo ukashuka mjini.
Walikimbia na godoro, na mtoto, na maharagwe mabichi kwenye sufuria,
na yeye, mwendawazimu, kabureta kifuani.
Gari lilibaki uani.
Liko pale pale hadi leo, chini ya mita mbili za jiwe,
na juu ya jiwe kijana mmoja anachaji simu za watu.

Nikashusha sauti kama mtu aingiaye msibani.
Nikasema, mama, kama ni kumbukumbu ya marehemu, naelewa...

"Kumbukumbu gani? Dola mia tano."

Mia mbili, nikasema. Akaanza kuivalisha soksi upya.
Mia tatu.
"Miaka ishirini na miwili nguo zangu za kanisani zinanuka petroli.
Hayo nani atanilipa?"
Tukafika mia nne na ishirini,
na bawaba ya mlango wake niifunge bure.
Soksi alibaki nayo.

Nilizifunga usiku, kwa tochi ya simu,
moja imekula kutu ya ziwa, nyingine giza la kabati.
Murhula akawasha. Injini ikaitika mara moja,
laini, kama chai inayomiminwa.
Akajipangusa macho, akalaumu moshi.
Hapakuwa na moshi.

Nikarekodi mlio, nikamtumia mama.
Siku mbili kimya. Kisha sauti yake, na nyuma yake kuku:

"Mumeikaza sana. Ile yetu ilikohoa kwanza,
mara mbili,
ndipo majirani wajue ni saa kumi na mbili."

Leo Murhula amesafiri kwenda Bukavu.
Ameniachia funguo.
Nimefungua boneti, nimeshika bisibisi,
nimelegeza skrubu robo mzunguko.
Nawasha. Nasikiliza.
Bado.
Robo nyingine.